Mfuko Mmoja, Mabakuli Mengi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Pesa za Michezo ya Vyuo Vikuu Marekani

Maswali haya yananijia kutoka kwa watu wa aina mbili. Kuna Waswahili waishio Marekani, waliosoma huko au wenye watoto wanaosoma huko, ambao kila mwaka hupokea barua ya chuo ikiwaomba waichangie timu. Na kuna wazazi na makocha wa Kenya na Tanzania wenye kijana mwenye mbio, wanaosikia kwamba vyuo vimeishiwa na wanataka kujua kama mlango bado uko wazi. Nimeyaacha maswali kama yalivyoulizwa.

Chuo kikuu kinafanya nini na uwanja wa watu laki moja?

Kila mgeni huanza na swali hili, na mimi nilianza nalo. Kwetu timu ya chuo hucheza jioni, na watazamaji ni wenzao wa bwenini na muuza karanga. Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja wa watu 107,601.

Sababu yake ni historia. Rutgers na Princeton walicheza mechi ya kwanza ya vyuo ya futiboli ya Kimarekani mwaka 1869, nusu karne kabla ligi ya kulipwa ya NFL haijazaliwa mwaka 1920. Tena kuna majimbo kama Nebraska na Alabama yasiyo na timu hata moja ya ligi kubwa za kulipwa. Huko timu ya chuo ndiyo timu ya jimbo zima: ya daktari na ya fundi bomba, ya aliyesoma hapo na ya asiyejua hata maktaba iko upande gani.

Chama kinachosimamia, NCAA, kilianza mwaka 1906. Kwa miongo mingi msimamo wake ulikuwa kwamba mchezaji ni mwanafunzi. Atapewa ada, chakula na malazi, lakini mshahara hapati. Wengine wote waliomzunguka walilipwa, kuanzia kocha hadi mwenye kampuni ya matangazo.

Ni kweli mashabiki wanapungua?

Inategemea umesimama wapi. Ukisimama Alabama au Ohio siku ya Jumamosi utaniita mwongo, maana barabara hazipitiki. Lakini ukichukua daraja lote la juu la futiboli, wastani wa watazamaji kwa mechi ulishuka mwaka baada ya mwaka katika muongo uliopita, hadi mwaka 2018 ukafika karibu 42,000, kiwango cha chini kuliko vyote tangu 1996. Baadaye idadi imepanda kidogo. Kumbuka pia kwamba mara nyingi idadi inayotangazwa ni ya tiketi zilizotoka, si ya watu waliopita langoni. Picha za viti vitupu hazina tatizo hilo.

Mapenzi yenyewe hayajafa. Agosti 30, 2023, watu 92,003 walijaa uwanja wa Nebraska kutazama voliboli ya wanawake. Mwaka uliofuata, fainali ya mpira wa kikapu ya wanawake, iliyokuwa na Caitlin Clark wa Iowa, ilitazamwa na watu karibu milioni 19 kwenye televisheni, ikaipita fainali ya wanaume. Kilichopungua ni kitu kingine: uvumilivu wa yule shabiki wa miaka ishirini, mwenye viti viwili vya msimu, ambaye kila mwaka alilipa bila kuuliza. Sasa anauliza.

Kwa nini mtu aache kwenda uwanjani wakati timu anaipenda?

Mwulize mwenye familia ya watu wanne akuhesabie tiketi, maegesho, maji, soseji na mafuta ya gari. Mechi yenyewe inapita saa tatu, na sehemu kubwa ya muda huo wachezaji wamesimama wakisubiri matangazo ya biashara yaishe. Ukiwa nyumbani unainuka kuchemsha chai. Ukiwa uwanjani Novemba, unatetemeka.

Halafu kuna saa ya mechi. Televisheni ndiyo inayopanga, na wakati mwingine hutangaza siku kumi na mbili tu kabla. Aliyeweka nafasi ya hoteli miezi mitatu mapema, akidhani mechi ni mchana, anajikuta akiendesha gari kurudi nyumbani usiku wa manane.

Gharama zimepandaje hivyo?

Anza na makocha. Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza Jimbo Fisher na kubaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 la kuvunja mkataba wake. Soma tena: hizo ni za kumwambia aondoke, si za kazi. Oktoba 2025 LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, nayo ilimfukuza Brian Kelly, na mkataba wake ulikuwa na takriban dola milioni 54 za kumaliza. Mikataba hii haikuandikwa na wachezaji wala haikuletwa na mahakama. Iliandikwa na wakubwa wa vyuo wenyewe, kwa hofu kwamba jirani angemnyakua kocha.

Kisha majengo. Penn State inakarabati uwanja wake kwa dola milioni 700. Kila chuo kinajenga kwa sababu mwenzake kajenga, na kijana wa miaka 17 huamua aende wapi baada ya kutembezwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo chenye taa za rangi.

Kisha safari. Mwaka 2024 Stanford na Berkeley, zilizoko upande wa Bahari ya Pasifiki, zilijiunga na ACC, ligi inayobeba jina la pwani ya Atlantiki. UCLA ya Los Angeles sasa iko ligi moja na Rutgers ya New Jersey. Mpango ulifanywa kwa ajili ya futiboli, lakini binti wa voliboli naye anavuka bara zima katikati ya wiki akiwa na kitabu cha kemia mapajani.

Mwisho, tangu Julai 2025, malipo ya wachezaji. Hayo yametokana na kesi ya House, na yanahitaji swali lake.

Hiyo kesi ya House ni nini?

Grant House alikuwa mwogeleaji wa Arizona State. Alikuwa miongoni mwa walioishtaki NCAA kwa kuwazuia wanamichezo kunufaika na majina na sura zao. Mwanzo wa mambo ulikuwa Juni 2021, Mahakama ya Juu ilipoamua kwa kura 9 kwa 0, katika kesi ya Alston, kwamba NCAA haina kinga dhidi ya sheria za ushindani wa biashara. Siku chache baadaye, Julai 1, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa na makampuni na wafadhili kwa matumizi ya majina yao.

Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kuimaliza kesi ya House. Wachezaji wa miaka iliyopita watalipwa fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa miaka kumi. Na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji wa sasa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, kiwango ambacho kitaendelea kupanda. Hakuna anayelazimishwa kulipa. Lakini katika ligi kubwa, chuo kisicholipa kitabaki na wachezaji ambao hakuna mwingine aliyewataka.

Mchangiaji wa kawaida anaombwa mara ngapi?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Waliowahi kuwa kwenye kamati ya harusi watanielewa haraka. Mtu anapewa kadi ya mchango, anatoa kwa moyo mweupe. Wiki mbili baadaye kadi ya sendofu. Kisha ya kitchen party. Kisha simu kwamba ukumbi umepanda bei. Kila kadi peke yake ina maana, na kila anayeomba ni ndugu. Lakini mfuko ni mmoja.

Shabiki wa Marekani analipa tiketi ya msimu. Kabla ya kuruhusiwa kuinunua, analipa "mchango" wa haki ya kiti, kwa sababu kiti kizuri hakiuzwi hivi hivi. Tangu 2021 amekuwa akiombwa na vikundi vya wafadhili vilivyoundwa nje ya chuo ili kuwalipa wachezaji. Mkurugenzi wa michezo naye anaomba za jengo jipya. Ikifika Desemba, ofisi ya wahitimu inamkumbusha mfuko wa wanafunzi maskini. Nyumbani analipia televisheni, na mechi zimegawanywa kwenye huduma tatu au nne za kulipia.

Septemba 2024 Tennessee ilitangaza kwamba tiketi za mwaka 2025 zingeongezwa asilimia 10 waliyoiita ada ya vipaji, yaani pesa za kuwalipa wachezaji. Angalau walisema ukweli. Aprili 2025, kabla msimu huo haujaanza, kwotabeki wao Nico Iamaleava, mpanga mashambulizi wa timu, hakutokea mazoezini huku habari za mvutano wa malipo zikiwa zimezagaa. Siku iliyofuata chuo kilitangaza kuachana naye, na muda si mrefu akawa UCLA. Jiweke kwenye nafasi ya mzee aliyekwisha kulipa ile asilimia 10.

Si kwamba mzee huyo ni bahili. Alikuwa akitoa kwa sababu alijiona mwana wa nyumba, na sasa anahudumiwa kama mteja. Mteja ana haki moja ambayo mwana wa nyumba hana: akiona bei haifai, anaondoka bila lawama.

Kwani vijana hawastahili kulipwa?

Wanastahili, na sioni haya kulisema. Kocha anayelipwa mamilioni kwa jasho la mtoto wa watu hana mdomo wa kumwambia mtoto huyo kwamba mchezo ni mapenzi tu. Wanaolaumu wachezaji kwa kuvuruga mchezo wa zamani husahau kwamba mchezo wa zamani ulikuwa biashara yenye mfanyakazi asiyelipwa.

Hata hivyo, shabiki ana malalamiko ya haki kuhusu uhamisho. Tangu Aprili 2024 mchezaji mwenye maendeleo mazuri darasani anaweza kuhama kila mwaka na kucheza papo hapo, bila kukaa nje msimu. Mashabiki wa soka wanalijua dirisha la usajili, lakini klabu za soka zina mikataba na ada za uhamisho. Hapa kwa miaka kadhaa kulikuwa na dirisha bila kuta. Unanunua jezi yenye jina la kijana, na kabla haijafuliwa mara ya tatu kijana yuko kwa mahasimu.

Kodi inahusikaje?

Zamani aliyetoa mchango ili apate haki ya kununua kiti aliweza kutoa asilimia 80 ya mchango huo kwenye hesabu ya mapato yake yanayotozwa kodi. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 iliufuta unafuu huo kuanzia 2018. Mwishoni mwa 2017 vyuo viliwahimiza watu walipe michango ya miaka ijayo mapema, na wengi wakafanya hivyo. Na mwaka 2023 mamlaka ya kodi ilionya kwamba vikundi vingi vya kuwalipa wachezaji havina sifa ya kuitwa mashirika ya hisani.

Na matajiri wakubwa wamechoka?

Hapana, na ndilo linalofanya hadithi hii isiwe rahisi kusimulia. Chuo cha SMU cha Dallas kilikubali kujiunga na ligi ya ACC bila kupata mgao wa televisheni kwa miaka tisa, na Septemba 2023 wafadhili wake wakachanga dola milioni 100 ndani ya wiki moja. Huko Northwestern familia ya Ryan ilitoa dola milioni 480 mwaka 2021, sehemu yake ikaelekezwa kwenye uwanja mpya. Phil Knight wa Nike ameibeba Oregon kwa miongo.

Kwa hiyo usishangae ukisikia chuo kinatangaza rekodi ya michango wakati wewe na wenzako mmeacha kutoa. Jumla inaweza kupanda huku idadi ya watoaji ikipungua. Wasiwasi wangu uko hapo. Timu inayotegemea watu elfu ishirini ni ya watu, na inayotegemea watu watano ni ya hao watano, pamoja na haki yao ya kuamua kocha ni nani.

Pesa za televisheni haziwatoshi?

Ligi ya Big Ten ilisaini mwaka 2022 mikataba ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Na bado Ohio State, chuo cha ligi hiyohiyo, chenye mojawapo ya timu tajiri kabisa nchini, kilifunga mwaka wa fedha 2024 na nakisi ya karibu dola milioni 38. Kilipata takriban milioni 255, kikatumia takriban milioni 292. UCLA nayo mwaka huohuo ilikuwa na nakisi ya zaidi ya milioni 50.

Idara ya michezo ya chuo haina wanahisa wa kugawiwa faida, kwa hiyo kila kinachoingia hutumika. Mapato yakiongezeka, mishahara na majengo yanaongezeka. Na walio nje ya ligi kubwa hawana hata hiyo televisheni. Vyuo vingi vya ngazi hiyo huendesha timu kwa ruzuku ya chuo na ada wanazokatwa wanafunzi wote, pamoja na yule anayefanya kazi usiku na hajawahi kuiona timu ikicheza.

Nani anaumia kwanza?

Michezo isiyoingiza kiingilio. Vyuo vingi vinavyolipa wachezaji vinafuata mgawo uliotumika kwenye fidia: karibu asilimia 75 kwa futiboli, 15 kwa kikapu cha wanaume, 5 kwa kikapu cha wanawake, na 5 kwa wengine wote waliobaki. Machi 2025 Cal Poly ya California ilifuta uogeleaji. Kesi iliyofunguliwa na mwogeleaji, na waogeleaji ndio wanaotolewa majini. Mwezi huohuo Saint Francis ya Pennsylvania ilitangaza kwamba inaondoka Daraja la Kwanza kwenda la Tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo. UTEP ya El Paso imefuta tenisi ya wanawake.

Wasomaji wenye umri watashtuka kwa jina la UTEP. Ndiko alikosoma na kukimbia Mtanzania wetu Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980.

Jina la pili litawagusa Wakenya. Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 10,000, 5,000, 3,000 na 3,000 kuruka viunzi na maji. Chuo hicho ndicho kilichoachwa, pamoja na Oregon State, ligi ya Pac-12 iliposambaratika mwaka 2023, kila mwenye nguvu akifuata televisheni. Juni 2025 kilitangaza kuacha mitupo na miruko, na kupunguza mbio fupi, ili kibaki hasa na mbio ndefu. Kwa maneno mengine, kilipolazimika kuchagua kipande kimoja cha riadha, kilichagua kile ambacho Rono alikipa jina. Sijui kama nicheke au nilie.

Mwanangu anakimbia vizuri. Ufadhili bado upo?

Upo, lakini sura imebadilika. Zamani timu ya riadha ya wanaume ilikuwa na ufadhili kamili 12.6 wa kugawana na ya wanawake 18. Kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya House, ukomo huo umeondolewa na badala yake kuna idadi ya juu ya wanatimu: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha. Chuo kinaweza kuwafadhili wote kikitaka. Kinaweza pia kutofadhili hata mmoja na kuzipeleka pesa kwenye futiboli.

Kocha mwenye nafasi chache hutaka mtu aliyekwisha iva, na hilo linawapa Wakenya nafasi. Doris Lemngole wa Alabama alitwaa mwaka 2024 ubingwa wa vyuo wa kuruka viunzi na maji na wa mbio za nyika. Edward Cheserek alipata mataji 17 akiwa Oregon. Makocha hawasahau mambo kama hayo.

Lakini muulize kocha mambo haya kabla ya kusaini chochote, na majibu yawe kwa maandishi. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au hadi amalize? Akiumia itakuwaje? Timu ikifutwa, chuo kitamlipia masomo hadi mwisho? Ada yote imelipwa, au "karibu yote"? Hiyo karibu inaweza kuwa dola elfu kumi na tano kwa mwaka.

Na suala la visa. Mwanafunzi mwenye visa ya F-1 ana vikwazo vikali vya kufanya kazi, kwa hiyo mikataba ya jina na sura anayoiona mwenzake Mmarekani akiisaini inaweza kumfukuzisha nchini yeye. Akipewa karatasi, aipeleke kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kisha kwa mwanasheria wa uhamiaji.

Serikali ya Marekani inafanya lolote?

Julai 2025 Rais Trump alitoa amri ya kulinda michezo ya vyuo, hasa ile isiyoingiza mapato. Bungeni miswada imekuwa ikizunguka kwa miaka. Usipange maisha ya mtoto kwa kuisubiri.

Naishi Marekani, nakipenda chuo changu. Nichange wapi?

Mimi niliacha kulipia kiti. Pesa ile ile, au nusu yake, naielekeza kwa jina kwenye timu ndogo. Vyuo vingi vinaruhusu mtoaji kuandika timu anayoitaka, na dola mia mbili ambazo kwenye futiboli hazionekani, kwenye mbio za nyika ni viatu vya mtu mmoja na akiba. Andika "mbio za nyika" kwenye fomu, usiache nafasi ile wazi, maana ukiiacha wazi wao wanajua pa kuzipeleka.

Na nenda ukawatazame. Mashindano mengi ya nyika hayana kiingilio. Fika Jumamosi asubuhi na thermosi ya chai ya maziwa, simama karibu na kilima cha mwisho, na ukimwona kijana anayepanda na shingo imelala upande, mwite kwa Kiswahili.